Mwizi wa Upepo Wangu

Jumapili, 8 Februari

Gari liko uani kwangu! Si langu bado. Ni la baba mkwe. Lakini liko uani kwangu, limetazama mlango wangu, na majirani wawili wameshaniamkia kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata tangu nihamie mtaa huu.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikasahau nikishakuwa mtu mkubwa. Baba mkwe amekatazwa na daktari wa macho kuendesha. Ana wakwe wawili: mimi, na mwanyumba wangu, aliyeoa dada wa mke wangu. Huyu anauza magodoro. Mzee amesema gari litakwenda kwa atakayeonyesha kwamba anajua kulitunza, kila mmoja akae nalo wiki moja. Mwanyumba amemaliza wiki yake. Kalirudisha leo linang'aa, viti vinanuka godoro jipya. Ananiita Profesa, kwa sababu nina duka la fotokopi na eti nasoma makaratasi ya wateja yakipita kwenye mashine. Nasoma, ndiyo. Yeye asome nini, magodoro?

Mtihani wenyewe ni matairi. Mzee alifanya kazi ya kupima hali ya hewa miaka thelathini na moja, hawezi kuona kitu akakiacha bila kukipima. Amenikabidhi geji ya upepo, anayoitunza ndani ya kasha la miwani, na daftari lenye safu mbili kwa kila siku, ya asubuhi na ya gari likirudi. Alieleza kwa kirefu sana. Nilikuwa natafuta stesheni kwenye redio ya gari, lakini cha muhimu nilikidaka: thelathini na mbili. Kila tairi, 32. Mengine maneno tu.

Mke wangu ni nesi. Miaka minane anapanda kilima kwa miguu kwenda zamu ya asubuhi. Kabla ya ndoa nilimwahidi kwamba akinikubali hatatembea tena. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Gari hili nalitaka. Nalitaka kwelikweli.

Jumatatu, 9 Februari

Nimempeleka mke wangu kazini. Kilima chote alikuwa akitabasamu dirishani. Niliona raha mpaka nikapiga honi bila sababu.

Kisha nikapita mbele ya duka la magodoro. Nikageuza, nikapita tena. Mara ya nne mwanyumba akatoka nje na kunipungia mkono kama mtu anayemuaga msafiri. Hana haya.

Saa saba mchana, jua la utosi, gari limeegeshwa mbele ya duka langu. Nikakumbuka geji. Nikapima tairi la kwanza. 37! La pili, 37. Ya nyuma yote, 37! Nikabaki nimechuchumaa pale, jasho linanitoka. Mwanyumba kajaza matairi kupita kiasi ili yapasuke mikononi mwangu! Nilijua tabasamu lile la jana halikuwa la bure.

Nikatoa upepo, tairi moja moja, hadi 32. Pssss. Sauti tamu. Daftarini nikaandika: "Nimekuta 37 kote. Nimerekebisha. Nashuku hujuma." Nikapigia mstari neno hujuma.

Jumanne, 10 Februari

Siamini. Nimepima asubuhi kabla ya kuondoka, baridi ya kunipasua midomo, nimekuta 28. Kote! Jana niliacha 32 kwa mkono wangu mwenyewe. Kuna mtu anaiba upepo wangu.

Nikamwamsha fundi wa pancha wa hapo kona, ambaye mtaa mzima unamwita Kiraka, akajaza hadi 32. Aliniuliza kama kuna msumari. Nikamwambia kuna adui. Akapiga miayo.

Sasa sikiliza hili, ewe shajara yangu. Saa saba mchana nikapima tena. 37! Mwizi huyu anachukua upepo usiku na mchana anaurudisha na zaidi! Mwizi wa namna gani huyo? Nilikuwa dukani muda wote, gari liko mbele ya macho yangu, isipokuwa nilipokwenda kula, na niliposinzia, na mteja mmoja aliponiletea kurasa mia mbili za hati ya kiwanja zenye ugomvi wa kusisimua.

Nimetoa tena hadi 32. Na jioni hii nimeweka mtego. Nimemwaga unga kuzunguka matairi yote manne, mwembamba, sawasawa. Akija tu, ataacha nyayo. Mwanyumba ana mguu wa kushoto uliopinda kwa ndani, nitaujua popote.

Jumatano, 11 Februari

Nyayo zipo. Za kuku.

Upepo, 28.

Kuku wa jirani amepita uani na miguu myeupe, na jirani ameniuliza kwa upole kama nina shida yoyote nyumbani. Mke wangu naye akauliza unga umekwenda wapi. Nikamweleza habari ya mwizi, yule wa 28 na 37. Alisikiliza akifunga vifungo vya sare yake. Akaniambia kwamba baba yake alisema tupime asubuhi, gari likiwa bado halijatembea, na kwamba ile ya kurudi ni ya kuandika tu, si ya kutoa upepo. Akasema mimi nilikuwa nabonyeza redio. Nikamjibu kwamba mambo ya wanaume na adui zao hayataki haraka. Alinitazama, akachukua mkoba wake.

Saa nne nikaenda duka la magodoro kukata mzizi wa fitina. Wateja walikuwepo watatu. Mwanyumba alikuwa amelala juu ya godoro la futi sita kumwonyesha mama mmoja ubora wake, na hakuinuka. Nikamweleza shutuma zangu, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Akasema hajagusa gari tangu Jumapili, kwamba usiku analala saa mbili kama mtoto, na kwamba godoro hili ni shahidi. Mama yule akacheka.

Nikatupa jicho pembeni, na pale nyuma ya mito nikaona nini? Pampu ya mguu! Nikainyanyua juu wote waione. Mwanyumba akasema ni ya magurudumu ya mkokoteni wa kupelekea magodoro, na kwamba kama Profesa anaitaka, achukue, asirudi tu saa za biashara. Nikaiacha pale pale. Sipokei msaada wa mshukiwa.

Yule mama akanunua godoro lile. Nimemfanyia tangazo!

Alhamisi, 12 Februari

Nimerudi kwa Kiraka kujaza upepo, siku ya tatu mfululizo. Safari hii alikataa kugusa mashine kabla sijamwambia ukweli wote. Nikamwambia. Alikuwa na tairi la lori mapajani, akaliweka chini, akanikalisha kwenye debe.

Akasema hewa ikipata joto inatanuka. Ndani ya tairi haina pa kwenda, kwa hiyo inasukuma. Joto likipanda nyuzi kumi, geji inapanda karibu mbili. Ukiendesha, tairi linajikunja na kujikunjua barabarani, linapata moto lenyewe hata kabla jua halijaliongezea lake. Ndiyo maana mchana nakuta 37, na hiyo 37 ni sawa kabisa, ni 32 ya asubuhi iliyopashwa. Mimi nikiitoa, usiku tairi likipoa linanywea. Ndiyo 28 yangu.

"Hakuna mwizi," akasema. "Mwizi ni wewe."

Nikamuuliza kama ana hakika kabisa kwamba mwanyumba hahusiki. Akanishika mkono, akaupitisha kwenye bega la tairi la mbele, mahali mpira ulipoanza kulika. Akasema tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi, likijikunja zaidi linachemka zaidi, na siku moja, katikati ya mwendo, linafumuka. Akasema nijaze 32 asubuhi, niache, nisahau.

Mtu mwingine angejaza. Mimi nimekaa kwenye debe nikafikiri. Mzee anaishi mwendo wa saa moja kutoka hapa. Jumapili nikiondoka na 28 za baridi, nitafika matairi yamechemka. 28 na nne ni ngapi? 32! Atapima pale nitakaposhuka, atakuta namba yake kamili, wala sitahangaika na pampu ya mtu. Hiyo ndiyo sayansi. Kiraka anajua kuziba, mimi najua kufikiri.

Nikamwambia ajaze siku nyingine. Akarudi kwenye tairi lake la lori.

Ijumaa, 13 Februari

Siku mbaya. Sitaki kuiandika, lakini naiandika.

Tulikuwa nusu ya kilima, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Gari lilikuwa zito, usukani unavuta. Mke wangu akasema nisimame. Akashuka, akaweka kiganja kwenye tairi la nyuma, akalitazama lilivyokaa chini kama mtu aliyechoka. Akauliza lina ngapi. Nikamwambia ni mpango, na kwamba Jumapili ataelewa. Akauliza tena lina ngapi. Nikasema 28, au labda 27.

"Umenipandisha humu ukijua?"

Nikaanza kumweleza habari ya nyuzi kumi na geji mbili. Akaniambia kwamba habari ya nyuzi kumi anaijua tangu akiwa darasa la tatu, kwamba alikuwa akimsomea baba yake geji kila asubuhi wakati dada yake bado amelala. Kisha akavuta mkoba wake kutoka kiti cha nyuma na kutembea. Hakubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Niliendesha polepole nyuma yake hadi juu, dirisha wazi, nikimsihi apande. Watu wa zamu ya asubuhi walitupita wakidhani sijui nini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaapa pale pale kwamba nitajaza 32.

Lakini nikijaza 32, Jumapili nitafika na 36, na Mzee ataona nimezidisha. Kwa hiyo kwa faida yake mwenyewe, yaani mke wangu, nimeona nivumilie siku mbili tu.

Jumamosi, 14 Februari

Shughuli ya leo ni daftari. Safu za Mzee ziko tupu, isipokuwa yale maneno ya hujuma. Nimechana ukurasa ule. Nimeandika upya wiki nzima kwa kalamu tatu tofauti, ili ionekane ni siku tofauti. Jumatatu asubuhi, 32. Jumatatu kurudi, 32. Jumanne asubuhi, 32. Kurudi, 32. Hivyo hivyo hadi leo. Ukurasa umependeza, umenyooka, hauna doa. Nikaweka na alama ya kidole chenye grisi pembeni, kwa ajili ya uhalisia.

Mke wangu amekwenda kwa dada yake mchana, amerudi na mfuko mzito. Sikuuliza. Hatuongei sana.

Jumapili, 15 Februari

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Mke wangu alikubali kupanda. Nikachukulia kwamba amenisamehe. Gari lilikwenda jepesi ajabu. Nikasema moyoni, limeshanizoea.

Tulipobakiza kona moja kufika kwa Mzee, nikasimama, nikasema naangalia kitu. Nikapima. 36!

36 ilitoka wapi? Mahesabu yangu yalisema 32. Mwanyumba tena! Kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuchunguza, nikachuchumaa upande usioonekana na kutoa. Pssss. Mke wangu aliuliza ni sauti gani hiyo. Nikasema ni nyoka, asishuke. Nikaacha 32 kamili yote manne, nikaingia ndani nikiwa nimelowa jasho la ushindi.

Mwanyumba na mkewe walikuwa wameshafika. Nikamwamkia Mzee, nikamwomba aje apime mara moja, mambo yasicheleweshwe. Akasema mtihani haupimwi kwa tairi la moto. Akasema tukae, tunywe chai, tule, gari lipoe kwa muda wa saa tatu.

Saa tatu!

Nilikunywa chai ile kama dawa. Kila dakika inayopita nilisikia matairi yangu yakinywea. Saa tano nikasema nakwenda kunawa mikono. Nikapita jikoni, nikachukua birika la maji ya moto, na kwenye kamba ya nguo nikavuta blanketi. Nilimwagia tairi la mbele la kulia, nikalifunika. Nilikuwa nahamia la kushoto nilipoona miguu ya mama mkwe imesimama mbele yangu. Blanketi lilikuwa lake.

"Mwanangu," akasema, "gari lina homa?"

Nikasema linahitaji joto kidogo. Alirudi ndani, na kupitia dirishani nikasikia meza nzima ikicheka, mwanyumba juu ya wote.

Mzee alitoka na kasha la miwani, lenye geji niliyomrudishia. Alilipima kila tairi mara mbili, mkewe akimsomea namba. Matatu yalikuwa na 28. Lile lenye homa, 29. Kisha akaomba madaftari, langu na la mwanyumba. Mama mkwe akasoma kwa sauti. La mwanyumba: 32, 32, 32, asubuhi, kurudi, wiki nzima. Langu: 32, 32, 32. Mwanyumba aliacha kucheka. Nilitazama daftari lake, naye akatazama langu. Hata grisi alikuwa ameweka!

Mzee akasema kwamba miaka thelathini na moja hajawahi kuona siku ambayo mchana una joto sawa na alfajiri, ila wakwe zake wameiona siku kumi na tatu mfululizo. Akauliza kama kuna mtu yeyote katika uwanja huu anayejua matairi haya yalikuwa na ngapi leo asubuhi.

Mke wangu akasema yalikuwa na 27. Akasema alijaza 32 saa kumi na mbili kasoro, mimi nikiwa nakoroma, kwa pampu ya mguu aliyoazima kwa shemeji yake, na kwamba ile sauti ya nyoka anadhani wote wanaweza kukisia ilikuwa nini.

Mzee alichukua ufunguo mezani, akatupita mimi na mwanyumba kama viti, akauweka kwenye kiganja cha binti yake. Akamwambia samahani kwa kuwatafuta wakwe wakati jibu alikuwa nalo nyumbani tangu darasa la tatu. Mke wangu alilia kidogo. Na mimi nililia kidogo, kwa sababu zangu.

Kurudi aliendesha yeye. Anaendesha vizuri, inaudhi.

Jumatano, 18 Februari

Nimelitafakari jambo hili siku tatu na nimefika mahali pa kuridhisha. Gari liko uani kwa nani? Kwangu. Mwanyumba analo? Hana. Mke wangu anatembea? Hatembei. Basi nimeshinda, na mpango wangu, ukiutazama kwa mbali, ulifanya kazi barabara. Leo asubuhi tulipopita duka la magodoro niliinama kutoka kiti cha abiria nikapiga honi. Mke wangu alinipiga mkono, lakini honi ilikuwa imeshalia.

Na leo nimeaminiwa! Amepima alfajiri kakuta 31, kwa sababu matairi yote hupungua kidogo kidogo, na hakuwa na muda. Alipofika kazini akaniachia ufunguo, siku moja tu. Akasema nirudi moja kwa moja nyumbani, niliache gari kivulini lipoe, kisha jioni nimwite Kiraka aje aongeze hadi 32. Alirudia mara mbili. Akasema kesho asubuhi anambeba mkuu wa manesi, na hataki aibu.

Kiraka wa nini? Mtu aliyesoma hajazi upepo kwa jasho wakati jua lipo. Nimeliegesha juani tangu saa tatu. Saa saba nikapima: 36! Bure! Sikumlipa mtu, sikukanyaga pampu. Mwanyumba hawezi kufikiria kitu kama hiki hata alale juu ya magodoro kumi.

Lakini mke wangu aliagiza 32, si 36, na mimi sasa ni mtu wa kufuata maagizo. Nimetoa nne za ziada kwa uangalifu mkubwa, tairi kwa tairi. Kosa langu la mwanzo nimeligundua pia: nilikuwa nachelewa kurudisha vifuniko vya valvu, ndiyo maana joto lilikuwa likitoka usiku. Safari hii nimevifunga papo hapo, nimevikaza kwa koleo.

Daftarini nimeandika 32, na ni ya kweli, nimeiona kwa macho yangu. Kesho saa kumi na mbili kasoro atapima mwenyewe kabla ya kumfuata mkuu wake. Nimemwekea geji juu ya usukani ili aione mapema.